Ngitili ya Shilinde

Shilinde aliichoma moto ngitili yake kwa kufuata kanuni, si kwa uzembe. Jambo hili lisemwe mapema, kwa sababu wengi wa Nyakahura waliomhukumu baadaye walikuwa wamechoma vilima vyao mwezi uleule, tena bila kanuni yoyote.

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua, mifugo isiingie, ili nyasi zirefuke na kukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikomaa hufunguliwa. Shilinde aliirithi desturi hiyo kwa baba yake, aliyehama Kahama na ng'ombe wake na kufika Biharamulo huku mwanawe, mtoto mdogo, akitembea nyuma ya ndama. Hakupita darasa la nne. Lakini hakuwahi kulishia shamba la mtu, wala kuuza maziwa yenye maji kwa madereva wa malori wanaosimama Nyakahura kabla ya kuendelea mpakani Rusumo. Uzio wake wa minyaa ulinyooka kuliko mipaka mingi iliyopimwa na wataalamu. Mtu wa namna hiyo alistahili kuzeeka kwa amani.

Kanuni ya baba yake ilikuwa hivi: kiangazi kikielekea mwisho, na ngurumo zikisikika mara mbili kutoka milima ya Ngara, mabaki ya nyasi ngumu yachomwe. Mvua itafika kabla upepo haujabeba majivu, na majani mabichi yataota wakati ambapo ng'ombe wanayahitaji kuliko wakati wowote. Kanuni hiyo ilimlea Shilinde, ikampa mahari ya kumwoa Jovitha, ikamsomesha binti yao Scola ualimu. Haikuwahi kumdanganya.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, alisikia ngurumo ya kwanza akiwa kisimani. Ya pili aliisikia akikamua. Nusu ya nyasi zilikuwa bado zimesimama, kavu na ngumu, lakini za kuliwa. Redio ilikuwa imesema mvua zingekuwa za wastani hadi chini ya wastani. Shilinde aliyasikia maneno hayo, ila si maneno ambayo mtu anaweza kwenda nayo machungani. Akachukua kiberiti.

Moshi ulipopanda, mwenyekiti wa kitongoji alikuja mbio. Huyu ni Renatus, Mhangaza wa Ngara aliyehamia Nyakahura kwa kufuata mke, na hadi leo watu wanamtania kwa hilo.

"Mzee Shilinde, sheria ya moto unaijua."

"Naijua. Na kile kilima chako cha juzi kiliwashwa na nani, malaika?"

"Kile kiliwaka chenyewe."

"Hata hii ngitili imewaka yenyewe. Mimi nimesimama tu karibu na kiberiti."

Renatus akacheka, akaketi kwenye jiwe kutazama moto. Kazi yake ilikuwa kuuzima au kumripoti, na hakufanya lolote kati ya hayo. "Majani yakiota usinisahau kwa maziwa," alisema.

"Utakunywa mpaka tumbo likukatae."

Mvua haikuja. Mwezi wa kumi ukaingia, ukapita. Jioni mawingu yalisimama juu ya Ngara, mazito, kisha yakatawanyika kama watu waliokuta ofisi imefungwa. Upepo ulibeba majivu ukayamwaga kwenye nguo alizoanika Jovitha, kwenye sufuria, kwenye pua za ng'ombe. Ng'ombe mmoja, Madoa, wa uzao wa ndama yuleyule aliyetoka Kahama, alishinda akilamba ardhi iliyoungua na kurudi nyumbani mdomo ukiwa mweusi. Jovitha alikatakata migomba akawapa. Migomba ni maji matupu, haimnenepeshi mnyama.

"Zile nyasi ngumu zingekuwepo," alisema siku moja, panga mkononi, bila kumtazama mumewe.

"Zingekuwepo," Shilinde akakubali.

Ndipo afisa mifugo wa kata, binti aitwaye Joan, alipoitisha mkutano kwenye ofisi ya kijiji. Aliwaamkia wazee, akaitikiwa marahaba, akaeleza bila kujivuna. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe, wa viwanda, magari na ndege, na wa misitu inayokatwa na kuchomwa, unaacha gesi zinazokaa angani miaka mingi. Gesi hizo huzuia joto la dunia lisitoke, kama mnapopika ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Joto likizidi, majira hayashiki tena wakati wake. Barabarani malori ya mafuta yalikuwa yakipita kwenda Rusumo, na kila lilipopita moja ilimbidi Joan anyamaze mpaka mngurumo uishe.

Shilinde alisimama. "Mwanangu, na moshi wa ngitili yangu umo humo?"

"Umo, mzee."

"Haya, mchawi wa mvua amepatikana," mtu akasema nyuma, na watu wakacheka.

Shilinde hakugeuka. "Basi nikiacha kuchoma, mwakani mvua itakuja kwa wakati?"

Joan akamjibu. "Uache kuchoma, mzee, maana umewanyima ng'ombe wako chakula. Lakini sitakudanganya. Moshi wako ni kidogo sana. Waliolijaza anga wako mbali, na Nyakahura hawajawahi hata kuisikia. Usingewasha kiberiti maisha yako yote, bado majira yangevurugika."

"Kwa hiyo kosa si langu."

"Sehemu kubwa si yako."

"Ningependa liwe langu," alisema Shilinde, akaketi.

Watu walidhani ameanza kuchanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Kosa la mtu mwenyewe lina njia ya kutokea: unaliungama, unaliacha, unatengeneza ulichoharibu. Ndivyo alivyofundishwa kanisani, na ndivyo alivyoishi. Lakini kosa la watu asiowaona, wanaojipoza kwa mashine wakati wa joto na kupanda ndege kwenda kutembea tu, mchunga ng'ombe wa Nyakahura analishika wapi? Hawezi kutubu kwa niaba yao, na hana mahali pa kuwashitaki. Wao hawajioni wakosaji, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeingia zizini mwa Shilinde na kumchukulia ng'ombe. Uovu uliogawanywa vipande vidogo namna hiyo haumkoseshi mtu usingizi, na hiyo si sababu ya kuuita jina jingine.

Siku zilizofuata ng'ombe walianza kuyumba.

"Baba Scola, uza wangali wanatembea," Jovitha alisema.

"Nikiuza leo, mvua itanyesha kesho."

"Usipouza, itanyesha juu ya mifupa."

Shilinde aliwaswaga hadi mnadani kando ya barabara. Dalali alimpapasa mmoja mbavu, akauliza, "Mzee, umeniletea ng'ombe au vitanda?" Waliosimama karibu walicheka. Shilinde alisema tu, "Wapakie." Maksai wa kulimia nao walipanda lori. Madoa peke yake alibaki nyumbani, maana huyo Shilinde hakuweza kumtoa.

Haikupita wiki Madoa akashindwa kuinuka. Kila asubuhi majirani walikuja, Renatus akiwa mmojawapo, wakapitisha miti miwili chini ya tumbo lake na kumsimamisha. Akisimama alikunywa maji, akala majani ya migomba, kisha magoti yakamkatika tena.

Mvua ilikuja mchana, kwa upepo na mawe, ya baridi. Ng'ombe asiye na nyama hawezi kustahimili mvua kama hiyo. Shilinde alimfunika kwa turubai, akaongeza koti lake, akaketi kwenye tope akimshika shingo. Jovitha alimwita ndani, hakwenda. Madoa alikufa kabla mvua haijakatika.

Ngitili ikaota. Iliota vizuri kuliko miaka mingi, majani laini yaliyojaa uzio hadi uzio, na hapakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kuyala. Renatus alikuja na kofia mkononi, akazunguka maneno mpaka Shilinde akamsaidia.

"Ni mbuzi wako?"

"Ni mbuzi, mzee. Kama haikuudhi."

"Walete."

Walisimama pamoja wakiwatazama wakila. Upande wa Ngara ngurumo ikasikika, na baada ya muda ikasikika nyingine. Renatus, kwa mazoea ya miaka yote, akamgeukia.

"Hiyo inasemaje, mzee?"

"Sijui," alisema Shilinde, akaenda kumrudisha mbuzi aliyekuwa ameanza kuingiza kichwa kwenye mahindi ya jirani.