Jumapili Kassimu Alipomshinda Mwenye Malori

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mimi na wanaume wengine wawili wa mtaa tukisukuma mkokoteni katika barabara za Buyenzi, na juu yake amelala mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Tulikuwa tumemtandikia godoro na kanga. Kila gurudumu lilipoingia shimoni aliuma ncha ya mtandio wake ili asipige kelele mbele za watu. Jina lake Hadija, mke wa jirani yangu Kassimu.

Mwanangu, jana ulinionyesha mchezo wa poka ndani ya simu yako, ukaniuliza maswali ya mtu anayeanza: karata zipi zinashinda zipi, mchezaji hukunja wakati gani, na je, ni kweli asiye na kitu mkononi anaweza kushinda? Niliendelea kugonga bati, ukadhani sijui. Najua. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na sikupata pengine ila pale kwenye mkokoteni.

Kuhusu halali na haramu umekwisha sikia msikitini, wala mimi si sheikh. Mimi ni fundi wa masanduku ya bati. Nitakueleza nilichokiona.

Kassimu alikuwa fundi wa magari katika Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, kijana mpole, mikono yake ikinuka grisi hata siku ya Idi. Poka alijifunza kwa madereva waliokuwa wakingojea kupakia mizigo kwenye madepo. Mchana alikuwa akija kwangu, anasogeza nyundo na vipande vya bati, ananitandikia karata juu ya meza yangu ya kazi. Tulichezea punje za maharage.

Basi sheria ni hizi, kama alivyonifundisha. Kila mtu hupewa karata tano, na anaweza kubadilisha baadhi. Wafalme wawili, au saba mbili, hiyo ni jozi. Jozi mbili hushinda moja. Tatu za namna moja hushinda jozi mbili. Zikifuatana zote tano, tuseme kutoka tano mpaka tisa, huo ni mfululizo, nao hushinda zile tatu. Zikiwa zote za ua moja, kopa tupu au shupaza tupu, hiyo huitwa rangi, nayo hushinda mfululizo. Uliniuliza kwa nini. Kwa sababu ni adimu zaidi; katika karata kama sokoni, kisichopatikana ovyo ndicho chenye thamani. Juu ya rangi kuna tatu na jozi kwa pamoja, kisha nne za namna moja, na juu kabisa mfululizo wa ua moja, ambao Kassimu alisema mtu anaweza kuzeeka asiuone.

Kukunja ni kuziweka karata zako chini, ukaacha ulichokwisha kukitoa, ukaokoa kilichobaki. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Anayeanza hutaka kucheza kila mkono, kwa kuwa kukunja kunamuumiza kama tusi. Aliyekomaa hukunja mara nyingi kuliko anavyocheza. Na wakikunja wote akabaki mmoja, huyo huchukua vilivyo mezani bila kuonyesha karata zake. Haya yote Kassimu aliyajua, mwanangu. Alinifundisha yeye.

Ila kuna jambo lingine alilolijua kuliko wote. Alijua kuuficha uso. Akiwa na karata mbovu au nzuri, macho yalikuwa yale yale, pumzi ile ile. Nilikuwa nikimtazama hata nasahau maharage yangu.

Punde akaanza kwenda Kibenga, kwenye nyumba ya bwana mmoja mwenye malori ambaye yeye Kassimu alikuwa akimtengenezea injini. Jumapili baada ya chakula walikaa barazani, ziwa mbele yao, wakacheza. Huko hapakuwa na maharage. Siku moja Kassimu akapata mfululizo, akauona mzuri mno, akaweka mezani ufunguo wa pikipiki yake. Mwenye malori akafunua karata tano, zote shupaza. Pikipiki ikabaki Kibenga.

Nyumbani akamwambia Hadija, "Iko garaji. Nangojea piesi moja ya injini." Akasema kwa uso ule ule, akala ugali wake, akalala. Hadija mimba ilikuwa imekomaa.

Wakati ule mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana mjini. Mateksi yalipanga foleni kwenye vituo tangu alfajiri. Jirani yetu mmoja, Mzee Bosco, alikuwa na teksi, akaja mbele ya kibanda changu, Kassimu akiwa pale.

"Kassimu, nimebakiza mafuta kidogo. Nisitoke na gari mpaka mama azae?"

"Apana, Mzee Bosco, asante. Mi niko na pikipiki, iko karibu kutoka garaji. We fanya kazi yako."

Nilikuwa nalehemu mfuniko wa sanduku. Niliinua macho, nikaona uso uliotulia kama maji ya mtungi, nikaamini. Kumbe angekubali teksi, angeulizwa mbona pikipiki haitoki garaji. Mficha uchi hazai, mwanangu. Methali hii nilikuwa naisema mara nyingi, kwa kucheka. Tangu siku zile siisemi nikacheka.

Jumapili ikafika. Mzee Bosco alikuwa amepata abiria wa Gatumba, nje ya mji, akaondoka. Adhuhuri imekwisha pita, Hadija akashikwa na uchungu, na haukuwa uchungu wa kungojea. Mdogo wake, Mariamu, akapanda baiskeli ya abiria akaenda Kibenga kumwita shemeji yake. Sisi tukatafuta gari mtaa mzima, tukakosa. Ndipo tukachukua mkokoteni wa muuza mkaa, tukaufuta, tukatandika.

Ya Kibenga sikuyaona kwa macho yangu. Nilisimuliwa na Mariamu, na baadaye Kassimu mwenyewe.

Mariamu aliingia barazani akamnong'oneza sikioni: "Shemeji, Hadija uchungu umemushika. Simama twende." Kassimu alikuwa na karata mkononi. Hakuwa na jozi, hakuwa na mfululizo. Hakuwa na kitu. Mezani ulikuwapo ufunguo wa pikipiki yake, mwenye malori ameuweka dau, na mbele ya pikipiki ile walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mwenye malori. Akisimama, amekunja.

Mwenye malori akamuuliza, "Kuna nini? Nyumbani ni salama?"

"Ni salama. Kitu kidogo tu."

Akamwambia Mariamu atangulie. Kisha akaongeza dau, wala kope haikutikisika. Mwenye malori akamtazama kwa muda mrefu. Mtu aliyefuatwa kutoka nyumbani na bado ametulia hivi, akawaza, lazima ana karata kubwa. Akaziweka zake chini.

Ndiyo, mwanangu. Asiye na kitu mkononi anaweza kushinda.

Sisi tulifika kituo cha afya tumelowa jasho. Wakamwingiza Hadija, tukakaa nje kwenye benchi ya saruji. Baada ya muda nikasikia pikipiki, nikaijua kwa mlio wake. Kassimu akashuka mbio, tangi limejaa mafuta, akasimama mbele yangu. Kabla hajauliza, mkunga akatoka akifuta mikono.

"Mama yuko muzima," alisema. "Mutoto alichoka njiani. Alikuwa wa kike."

Nilimtazama Kassimu usoni. Hata pale, kwa dakika nzima, hapakuwa na kitu. Uso ulikuwa umezoea kufungwa, haukujua tena njia ya kufunguka.

Tulimzika mtoto kesho yake. Mwenye malori alikuja matangani, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani karibu na Kassimu. Hakuwa mtu mbaya. Akasema kwa sauti ya chini, "Gari yangu ilikuwa pale uani. Ufunguo mufukoni mwangu. Nilikuuliza kuna nini. Ungesema neno moja tu."

Hapo ndipo Kassimu alipolia. Alilia mpaka wazee wakamshika mabega.

Hadija hakulia mbele yetu. Alimwita mumewe chumbani, na kuta za nyumba zetu unazijua, hazifichi kitu. Alisema polepole: "Kila siku ulikuwa unaingia hapa, mi nakutazama, nasema mume wangu ana amani. Kumbe sikuwa nakuona. Watu wa karata uwape uso unaotaka. Mi ulinipa wa nini?"

Akarudi kwa wazazi wake. Kassimu aliiuza pikipiki, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Mvua zilinyesha, zikaisha, ndipo Hadija akakubali kurudi, kwa sharti moja ambalo hakuna aliyeambiwa. Lakini tuliliona. Tangu siku ile Kassimu akiingia nyumbani husimama mlangoni akasema yote: nimegombana na mteja, nimevunja boliti, leo nimeogopa, leo sikufanya kitu. Vijana walimcheka wakamwita redio. Hadija alikuwa akichagua mchele, anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwambia akae. Sasa wanaishi Gasenyi, Mungu aliwapa watoto wengine, na mpaka leo mzee yule husimama mlangoni akasema.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Sheria za karata ukitaka zijue. Kujua si dhambi. Lakini usiweke mezani kitu ambacho mtu mwingine anakitegemea, hata kama mkononi una nne za namna moja. Jifunze kukunja mapema, ungali na cha kuokoa, wala usione haya. Aibu ya kukunja hupita, majuto hubaki yakazaa wajukuu. Na uso wa kuficha usiuzoee, kwa sababu haukai barazani ulikouacha, unakufuata mpaka kitandani. Mtu anayekupenda akikuuliza kuna nini, usimjibu kitu kidogo. Mjibu kweli, hata kama kweli yenyewe inakuvunjia heshima.

Mwenyezi Mungu akupe watu wa kukuuliza habari zako, akupe ulimi mwepesi wa kuwajibu, na siku ya dhiki mlangoni pako pasikose mtu mwenye gari wala mwenye mkokoteni. Amina.