Pikipiki ya Mchina na Ndafu ya Mama

Kila mwalimu mpya anayepangiwa shule yetu, huku juu karibu na msitu wa Meru, huniuliza swali lilelile kabla hata hajapata chumba cha kupanga. Dada, hizi pikipiki ndefu za Kichina, zile za matope, zinafaa kununua au ni kutupa hela? Zamani nilikuwa najibu haraka haraka. Siku hizi namwambia akae, nimmiminie chai, nimsimulie habari ya ndafu.

Yangu niliinunua mpya kabisa, dukani mjini. Mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye baba yake naye aliuza spea palepale, aliniambia bila kuficha kwamba nikifika nyumbani nikaze kila nati ninayoiona. Nilikaza. Hata hivyo indiketa ya kushoto ilidondoka Sekei mbele ya kituo kilichojaa watu, cheni ikalegea, madgadi ya mbele ikapasuka kwa kugusana na mgomba tu. Nilitukana sana wiki hizo za mwanzo. Nikamwaga oili ya kiwandani, nikatupa ile cheni, nikafunga matairi yenye meno, fundi akanichomelea keria ya chuma nyuma. Baada ya hapo mimi na pikipiki yangu tukaanza kuelewana.

Walionielewa walikuwa wachache. Mjomba, kaka yake mama, ana gari kubwa la Kijapani analoliosha kuliko anavyooga mwenyewe, na kwake kitu cha Mchina ni ndara za bafuni tu. "Binti, ukipiga chafya juu ya hilo dude, tairi linachomoka," alikuwa akiniambia kila tukikutana, na kila mara alicheka kama ndiyo kwanza anaisema. Mama naye aliipinga kwa sababu zake. Mjane wa mzee wa kanisa, amwone binti yake mtu mzima ametanua miguu juu ya pikipiki mbele ya usharika mzima! Alinikataza kuiegesha barazani. Ilikuwa ikilala nje ya banda la mbuzi, na mvua ikinyesha ilikuwa shauri yake.

Kisha mdogo wangu akachumbiwa, na tukaanza maandalizi ya kumuaga. Mama aliomba jambo moja tu kwenye kikao cha kamati: ndafu itoke kwake. Kwetu mbuzi huyo mzima wa kuchomwa, aliyesimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni, ndiye keki yenyewe. Mama alimlea beberu huyo tangu siku posa ilipoletwa, akimkatia majani kwa mkono wake na kumsemesha Kimeru asubuhi na jioni. Tangu baba afariki, ndugu walikuwa wakinong'ona kwamba nyumba ile sasa haiwezi kufanya shughuli ikaonekana. Mama aliyasikia yote, akaendelea kulisha mbuzi.

Mjomba ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati. Aliamua mbuzi akachomwe Engutoto, kule mjini, kwa mtaalamu, maana hapa kijijini tungemuunguza. Nilisema huo ni mzunguko usio na maana. "Usafiri uko kwangu," akajibu, na kikao kikafungwa kwa sala.

Siku ilipofika, wakwe walikuja asubuhi jua likiwaka, wakaketi chini ya maturubai. Mvua ikaanza wakati wanakunywa soda. Haikuwa manyunyu, ilikuwa mvua yenyewe ya mlimani, na barabara yetu ikilowa hugeuka uji. Mshereheshaji alikuwa ameshatangaza ndafu mara kadhaa, na muziki umerudiwa mpaka umechosha, simu yangu ilipoita. Mjomba. Gari limeingia mtaroni, chini kabisa kule darajani, na haliendi mbele wala nyuma.

Mama alikuwa amesimama karibu yangu, akasikia. Aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akavua kilemba chake kipya akakiweka mapajani.

Mimi nina hasira za karibu, na siku hiyo zilinisaidia. Nilipandisha sare yangu ya kitenge mpaka magotini, nikavaa buti za kwenda shambani, nikapiga kiki. Iliwaka mara moja. Niliteremka mlima kwa gia ndogo, miguu yote miwili nje, nikiwatukana wanakamati mmoja mmoja kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyenisikia.

Nilimkuta mjomba amesimama na suti, suruali ameikunja, gari limelala ubavu mmoja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Na Mchina."

Aliitazama pikipiki, akalitazama gari lake, akatazama mbingu. Ndafu ilikuwa salama, imefunikwa nailoni. Tuliliweka sinia juu ya keria, nikalifunga kwa mipira ya tyubu, lakini lilikuwa pana kuliko chuma na lilihitaji mtu wa kulishika. Nikamwambia mjomba apande kinyumenyume, anipe mgongo, akumbatie mbuzi. Akapanda. Furaha niliyoisikia pale sitaki kuificha: mwenyekiti wa kamati, na tai yake, uso kwa uso na beberu, juu ya dude linalochomoka tairi.

Ikapanda jamani. Ilikohoa, ikateleza, nyuma ikacheza, lakini matairi yaling'ata na ikapanda. Tulipofika katikati ya mlima mkono wangu wa kushoto ukawa mwepesi ghafla. Waya wa klachi umekatika. Injini ikazima.

"Nilisema!" mjomba alipiga kelele, akimwambia mbuzi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele yake. "Nilisema mimi! Mchina!"

Nilikuwa karibu kulia. Akilini nilimwona mama na kilemba mapajani. Kando ya barabara kulikuwa na kibanda kilichofungwa, na chini ya upenu wake dereva wa bodaboda alikuwa amejikinga mvua.

"Vipi ticha?"

"Waya wa klachi."

"Huo tu?" Aliinua kiti cha pikipiki yake, naye ana Mchina kama sisi sote, akatoa waya mpya uliokunjwa. "Chukua. Utanirudishia."

Niliufunga mwenyewe, mvua ikinitiririkia shingoni. Ulikuwa mfupi kidogo, nikaupitisha njia ya mkato chini ya tangi, ukafika. Muda wote huo mjomba alisimama amebeba ndafu mikononi, bodaboda amemfunika mbuzi kwa jani la mgomba. Spea ndogo kabisa ya lile gari lake huagizwa Dar, na akiagiza anasubiri. Yangu ilikuwa chini ya kiti cha mpita njia. Mjomba aliona hilo.

Tulisikika kabla hatujaonekana. Nilipokata kona ya mwisho vigelegele vilikuwa vimeshaanza, wageni wametoka kwenye maturubai wanalowa bila kujali, na mshereheshaji anapiga kelele kwenye maiki, "Wakwe simameni! Keki imekuja kwa pikipiki!" Mama alitoka jikoni kichwa wazi. Alipoona majani bado yako mdomoni mwa beberu wake, alirudi ndani mbio, akatoka amefunga kilemba, juu kuliko mwanzo.

Ndafu ikaingia kwa kucheza. Mdogo wangu alikata, akamlisha mama mkwe wake. Yule mama alitafuna taratibu, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Mbuzi huyu amelelewa na nani?"

"Na mimi," mama akasema. "Hapa hapa, kwangu."

Ndugu walikuwepo wote, wakasikia wote. Mimi nililia bila aibu yoyote.

Jioni ilipokaribia, mjomba alinisogelea na sahani yake, akaniuliza kwa sauti ya chini hizo pikipiki zinauzwa duka gani. Nilikuwa natafuta jibu la kumkomesha nilipomwona mama anakatiza uani kwenye mvua. Alikuwa amebeba lile blanketi nene ambalo wakwe walimletea siku hiyo, blanketi la mama mzazi, bado lina utepe wake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye banda la mbuzi, akalikunjua, akaifunika pikipiki kuanzia usukani mpaka keria.

"Mama, litaingia oili!"

"Oili inafuliwa," akasema. "Njoo uisogeze barazani."