Bao Lisilo na Mwenyewe

Aliyeandika kwamba bao lile la ushindi la miaka mingi iliyopita lilifungwa na mjomba wake ana kibanda cha kutengeneza simu Ngamiani. Ukurasa wa timu yetu ya zamani, katika kamusi elezo ya mtandaoni ambayo kila mtu anaruhusiwa kuihariri, anauona kama ukuta wa nyumba yao.

Mimi, mmoja wa wanaouhariri, nilimtaka chanzo. Akaniwekea habari ya gazeti la mwaka jana. Ndani yake nikakuta sentensi zake mwenyewe, neno kwa neno, hata pale alipokosea kuutaja uwanja. Nikalifuta jina la mjomba. Kesho yake likarudi. Nikamfuata kibandani.

"Gazeti limenakili kwako. Huwezi kujitolea ushahidi mwenyewe."

"Profesa wa darasa la saba huyo," akasema bila kuinua macho. Wateja wakacheka. "Ulikuwepo uwanjani wewe?"

"Wewe je?"

"Damu yangu ilikuwepo. Toka hapo, unanizibia mwanga."

Aliyekuwepo kweli ni mzee mmoja wa Mabawa, winga wa timu ile, anayesema bao ni lake. Ndiye aliyenituma niutazame ukurasa. Alitaka wajukuu waone jina lake kwenye simu kabla hajafa. Nilimwamini, na bado namwamini. Lakini simulizi yake haijachapishwa popote, na gazeti la siku zile, nililolipata maktaba, linataja matokeo tu: moja kwa bila. Kumweka yeye bila chanzo kungekuwa kosa lile lile la fundi simu.

Nikaandika kwamba mfungaji hajathibitishwa, nikaweka gazeti la zamani kuwa rejea. Wahariri wengine wakaniunga mkono, ukurasa ukafungwa usihaririwe tena. Fundi akanitumia ujumbe mmoja: "Umeridhika, mchawi?"

Nilikwenda Mabawa kumweleza mzee. Mkwewe alikuwa ameshamsomea.

"Shikamoo, mzee."

"Yule fundi alinidhulumu," akasema, "na watu wakajua nimedhulumiwa. Wewe umekuja na vitabu vyako ukanifuta kabisa."

"Mzee, pakipatikana chanzo..."

Akapandisha kanzu, akanionyesha goti lenye kovu la enzi za mpira. "Chanzo hiki. Kiandike. Huwezi? Basi usikanyage tena baraza langu."

Sijakanyaga. Tunaonana msikitini siku za Ijumaa. Namwamkia mbele za watu, naye anageukia ukutani kutafuta ndara zake. Marahaba hajanipa. Nikirudi nyumbani naufungua ukurasa, naisoma ile sentensi, na sioni neno la kubadilisha.