Kitambaa cha Kompyuta

Duka lenyewe halipo tena. Pale lilipokuwa, mitaa miwili kutoka soko kuu la Mwanza, sasa wanauza simu na vioo vya simu, na muziki unapigwa mlangoni tangu asubuhi. Binti yangu akinipeleka mjini huwa namwomba tupite pale, na tukifika natembea upesi kuliko magoti yangu yanavyotaka. Aliwahi kuniuliza, "Mama, kama hupapendi, mbona unataka tupite?" Napapenda mno. Ila siwezi kusimama pale.

Nilisoma kwa masista kisiwani Ukerewe. Walinifundisha mambo mawili ambayo sijayaacha hadi leo: kuichunguza dhamiri kila jioni kabla ya kulala, na kufuma vitambaa. Hilo la pili ndilo lililonifikisha katika duka lile la vyombo vya umeme.

Baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni na sukari, ilikuja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na rafu zikajaa ghafla. Zilikuja redio za kaseti mbili, pasi, deki za video. Watu walinunua televisheni kabla hatujaona kituo chochote Mwanza. Waliangalia mikanda ya harusi zao, wakirudisha nyuma na kuangalia tena. Na kila nyumba ya heshima ilifunika vitu hivyo. Kulikuwa na vumbi la barabarani, na kulikuwa na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kuingia kila tundu. Mtu akinunua redio leo, kesho anatafuta kitambaa. Mimi nilikuwa na uzi, sindano na watoto wanne wa kulea peke yangu.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza hapa hapa, na Kisukuma chake kilinishinda mimi niliyetoka Ukerewe. Aliniruhusu kuja kupima bidhaa zake kwa kamba kabla hazijauzwa, ili mteja akitoka na redio apewe na jina la mtaa ninakoishi. Nilipewa stuli karibu na meza ya fundi. Nilikaa pale asubuhi nyingi, nikisikia harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya ikiyeyuka na ya makaratasi ya maboksi mapya, redio tano zikiongea kwa pamoja. Namshukuru Mungu kwa zile asubuhi. Sijui kama nimewahi kufurahi vile sokoni au hata nyumbani kwangu.

Fundi alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye maneno.

"Shikamoo mama. Leo unampima nani kanzu?"

"Marahaba. Nampima huyu mnene."

"Huyo Mjapani, mama. Usimbane kiuno, hajazoea."

Mwenye duka alicheka bila kuinua kichwa kwenye vitabu vyake.

Kompyuta zilikuja mwishoni. Zilikuwa zimetumika, zimepitia Dubai, rangi yake kama meno ya mvuta sigara. Fundi alijifundisha mwenyewe kwa kuzifungua na kuzifunga. Ukiiwasha ilikoroma, ikatulia, ikakoroma tena, na wewe umekaa unasubiri kama unayebisha hodi kwa mtu mzima. "Inanawa uso," fundi aliniambia. Kisha kioo kikawa bluu na herufi nyeupe zikajitokeza. Nilimwomba aandike Salamu Maria. Akaandika kwa vidole viwili, nikaisoma pale kwenye kioo, mkono ukijipeleka wenyewe kwenye ishara ya msalaba. Leo wajukuu wana simu zinazofanya makubwa kuliko hayo, wala hawashtuki. Mimi nilishtuka, na bado naukumbuka mshtuko ule kwa mapenzi.

Mtu wa kwanza katika jumuiya yetu ya Kikatoliki, tuliyosali kwa zamu nyumba kwa nyumba, kununua kompyuta ya nyumbani alikuwa mwalimu wa sekondari, mama wa Kihaya aliyehamia Nyegezi. Alitaka kutungia mitihani na kuandika barua za watu. Fundi ndiye aliyemchagulia, akaipeleka mwenyewe na kuifunga. Mwalimu akaja kwangu.

"Mama Mwenyekiti," aliniambia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya, "nataka kitambaa ambacho hakuna mwenye nacho."

Nikamfumia kwa wiki tatu. Kilikuwa cheupe, chenye mashada ya zabibu pembeni, na kwa ajili ya lile vumbi la Nyegezi nikakitia bitana ya satini ndani. Kilianguka nyuma ya kompyuta hadi mezani. Mbele kilikuwa na sehemu ya kufunua, kama shela. Sijawahi kufuma kitu kizuri kama kile.

Zamu ya sala ilipofika nyumbani kwa Mwalimu, alikuwa ameiwasha kompyuta ili watu waione. Amefunua uso tu. Kwingine kote imevikwa. Akina mama walikishika kitambaa, wakakigeuza, wakauliza ni kazi ya nani. "Mwenyekiti wetu!" Mwalimu akasema. Tulipokuwa tunaimba nilisimama kando ya ile meza na nikaweka kiganja juu ya kitambaa changu. Kilikuwa cha moto. Si uvuguvugu, kilikuwa na moto wa pasi. Kulikuwa na harufu pia, kama nywele zilizochomwa kidogo.

Nilijua. Sikujua mambo ya umeme, lakini nilijua kwamba kitu chenye moto hakifunikwi na satini. Ingenitosha kusema, "Mwalimu, hebu tukitoe." Lakini akina mama walikuwa bado wanakitazama. Wawili walikuwa wameshaniomba niwafumie kama hicho. Nikaondoa mkono, nikaendelea kuimba.

Kesho yake jioni kioo kiliungua. Mwalimu alisema picha ilijikunja, ukatoka moshi, kikazima. Aliubeba ule mzigo mpaka dukani akiwa na hasira. Kitambaa alikuwa amekitoa kwanza na kukikunja vizuri, kisiharibike.

Nilikuwa kwenye stuli yangu.

"Umeniuzia kioo kibovu," alimwambia fundi. "Kizuri umekitoa, umeweka cha kuokota."

"Mwalimu, nilikiwasha hapa siku mbili nzima."

"Mwezi mmoja tu kimekufa! Wewe ni mwizi. Nitasema shuleni na nitasema kwenye jumuiya."

Mwenye duka alijaribu kuwatuliza. Akafungua kile kioo pamoja na fundi, wakaona kimeungua, na hawakuona sababu. Duka zima liliishi kwa jina la fundi yule. Watu waliacha vitu vyao kwake bila kuhesabu nyaya. Baada ya siku mbili mwenye duka alimwambia akae nyumbani mpaka ijulikane moja. Fundi alikusanya bisibisi zake kwenye mkoba. Alipopita mbele yangu nilimwambia, "Mungu yupo, mwanangu."

Maneno hayo niliyasema mimi.

Wiki zilizofuata sikutulia. Nilianza vitambaa nikafumua. Nilipika nikasahau chumvi, nikaitia mara mbili. Kila jioni niliichunguza dhamiri kama nilivyofundishwa, na kila jioni nilifika mahali pale pale, nikasema usiku mwema. Nilihofia nini? Nilihofia kazi yangu, ndiyo, kwani nani angenunua kitambaa kinachochoma? Lakini zaidi nilihofia nyuso za wale akina mama. Tulipokutana kwa sala, Mwalimu alitangaza kwamba yule fundi ni mwizi na tusimpelekee kitu, na wote wakanitazama mimi, mwenyekiti, niseme neno. Nikasema tufunge kwa sala.

Jumamosi moja niliamua kwenda kuungama. Lakini si kwa paroko wetu, aliyeijua sauti yangu. Nilipanda kivuko nikavuka ziwa kwenda Kamanga, nilikosikia kwamba padri mgeni anatembelea kigango, kanisa dogo la huko. Kwenye kivuko watu walikaa, mimi nilisimama njia nzima nikizunguka kutoka upande huu kwenda ule, mpaka mama mmoja mwenye kuku akaniambia, "Dada, hata ukitembea hutufikishi mapema."

Padri alikuwa mzee na alisikia kwa shida, ikabidi nirudie. Yaliyosemwa naweza kuyasimulia, maana dhambi ni zangu.

"Huyo fundi yuko hapa Kamanga?" aliniuliza.

"Hapana, Padri. Ni wa Mwanza."

"Na huyo mwalimu?"

"Mwanza pia."

"Sasa huku umefuata nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya paroko, akanikatiza.

"Mungu amekusikia tangu ulipokuwa Mwanza," alisema. "Wao ndio hawajasikia. Malipizi yako ni kuwaambia. Nenda, kivuko kisikuache."

Fundi alikuwa amehamia Kisesa kwa kaka yake. Nilimkuta Jumatatu ile, amekaa barabarani chini ya kipande cha bati, na meza yenye redio mbili tu. Habari za kuitwa mwizi zilikuwa zimemtangulia. Aliinuka, "Shikamoo mama," akanipa kiti chake. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: moto, harufu, kiganja, wimbo.

Alihesabu kwa vidole.

"Wiki tano, mama."

"Ndiyo."

"Na siku natoka dukani ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukaniambia Mungu yupo."

Alichukua bisibisi, akaiweka chini, akaichukua tena. Nilitamani anitukane. Alisema tu, "Sasa nani atakuamini? Watasema unanionea huruma."

Alikuwa amesema kweli. Nilikwenda kwa Mwalimu, naye akakataa katakata. "Mama Mwenyekiti, wewe una moyo mwema kupita kiasi. Kitambaa kinaweza kuunguza nini? Mimi redio yangu imevaa kitambaa miaka minane." Kadiri nilivyojishtaki ndivyo alivyoniona mtakatifu, na fundi mwizi zaidi.

Ndipo nikamwomba Mwalimu jambo moja: siku inayofuata aje dukani na kile kitambaa. Mwenye duka nilimwomba kioo kimoja chakavu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alinyoosha kidole kwenye kimoja cha pembeni, akasema, "Hicho. Kikifa, mama, sisi hatujuani." Fundi alikuja kutoka Kisesa, akasimama upande wa wateja wa ile meza, si upande wake.

Tukakiwasha, tukakivika, tukafunua uso tu kama kwa Mwalimu. Kisha tukasubiri. Wateja waliingia wakaambiwa warudi baadaye. Mwenye duka alitembea mpaka mlangoni na kurudi. Baada ya kama saa nzima nilimwambia Mwalimu aweke mkono. Aliuweka, akautoa haraka, akautazama. Akauweka tena. Harufu ile ile ilianza, na picha ikaanza kucheza pembeni. Fundi alipinda mwili juu ya meza akachomoa waya ukutani.

"Kilikuwa hivi?" Mwalimu aliniuliza. "Siku ile ya sala?"

"Kilikuwa hivi hivi."

"Na ukaimba?"

"Nikaimba."

Alikaa kwenye stuli yangu na kuvua miwani.

Mwenye duka alimwambia fundi aanze kazi kesho. Fundi alisema hapana, mpaka lisemwe pale liliposemwa. Kwa hiyo zamu ya sala iliyofuata alikuja, yeye asiyekuwa hata Mkatoliki, akakaa karibu na mlango na mkoba wake magotini. Mwalimu alisimama akasema amemsingizia mtu. Kisha mimi nikasimama nikasema sababu, na sikuacha kile kiganja. Nyuso za akina mama nilizoziogopa niliziona zote. Mmoja alicheka kwa mshtuko akajiziba mdomo. Uenyekiti nilijivua jioni ile, nao walinikubalia bila kunisihi sana. Namshukuru Mungu kwa hilo pia, ingawa wakati ule sikushukuru.

Fundi alirudi kazini. Duka lenyewe lilidumu miaka michache zaidi. Mzee alipofariki watoto wake wakahamia kwingine, na fundi akafungua kibanda chake karibu na stendi ya Nyegezi. Mizaha ya kanzu haikurudi. Alinisalimu vizuri, nami niliitikia vizuri.

Redio yangu ilipoharibika nilimpelekea, nikataka kuiacha na kwenda zangu sokoni.

"Hapana, mama," alisema. "Kaa."

"Nina haraka kidogo, mwanangu."

"Hapa hakuna anayeacha kitu. Nafungua mwenyewe yupo."

Akavuta benchi. Alifungua skrubu ya kwanza akaniwekea kiganjani, na ya pili, na ya tatu, zote sita. Akainua kifuniko, akaanza kunionyesha kwa ncha ya bisibisi: hiki ndicho nilichokikuta, hiki kimeoza, hiki nakiacha kama kilivyo, umeona? Nikasema nimeona. Akasema, "Tazama vizuri, mama." Nikasogea karibu, skrubu za redio zimejaa mkononi mwangu, nikatazama kila alichokishika mpaka alipomaliza.