Msiba Nilioupeleka Mimi

Kiwanda cha umma nilichokuwa nikifanyia kazi Dodoma kilipouzwa, sisi wote wa masijala tulipunguzwa. Nilikaa nyumbani Ipagala miezi saba. Mke wangu alikuwa akiuza maandazi, nami nilisoma magazeti ya zamani ya Kiingereza kwa sauti, kwa kuwa Kiingereza ndicho kitu pekee ambacho hawakuninyang'anya. Nikasikia kwamba kampuni ya Wachina imepata zabuni ya kutengeneza barabara upande wa Chemba, na inatafuta karani anayejua Kiingereza. Nilivaa suruali yangu ya ofisini nikaenda, na jioni ile ile nilikuwa na kazi.

Niliandika mahudhurio ya vibarua, nilitunza vyeti vyao vya hospitali, na nilitafsiri walipogombana na wasimamizi wao. Alasiri, mara tatu kwa wiki, niliwafundisha Kiingereza mafundi watano wa Kichina chini ya turubai, karibu na jiko lao. Waliniita Mwalimu. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Mwanafunzi wangu mwenye bidii kuliko wote alikuwa msimamizi wa makalavati ya kupitisha maji chini ya barabara, mtu wa makamo, mfupi, mwenye vidole vilivyopasuka kwa saruji. Kila neno la Kiingereza aliliandika kwenye daftari dogo, na kando yake akaweka maandishi ya kwao, madogo na safi.

Siku moja aliniuliza habari za wazazi wangu. Nikamwambia mama yuko Kibaigwa. Kuhusu baba nikasema, "My father is late." Ndivyo tunavyosema sisi kwa adabu, kulikwepa lile neno la kufa. Yeye akatazama saa yake, akainuka, akaleta kikombe kingine, akamimina chai, akakifunika kwa kisahani na kukiweka mezani upande wangu. Sikuelewa, nikaendelea kufundisha. Mwisho wa somo akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kama baba yangu anatoka mbali, maana chai inapoa.

Hapo nikaelewa, nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Wenzake nilipowaeleza, nao wakacheka, na yeye masikio yakamwiva.

Nikaandika *late* ubaoni kwa chaki, nikawaeleza kwamba neno hili moja lina mambo mawili ndani yake: mtu aliyechelewa, na mtu ambaye sisi tungemwita marehemu. Akaandika mistari miwili daftarini, akanionyesha kwamba kwa Kichina maneno hayo hayafanani hata kidogo. Halafu akauliza swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa pale.

"Mwalimu, anayesoma atajuaje ni lipi?"

"Atajua tu," nikasema, nikafuta ubao.

Miezi ikapita. Kibarua mmoja wa makalavati, fundi wa kukunja nondo, alikanyaga chuma kikamtoboa mguu. Siku alipopakiwa garini kupelekwa hospitali Dodoma, mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Alikuwa mwenyeji wa kijiji kimoja mbele ya Chemba, katika watu wale wanaosema lugha yenye sauti za kidoko. Ilitarajiwa arudi kazini Jumatatu.

Alhamisi dereva wa tipa aliniletea karatasi kutoka kwa msimamizi wa makalavati, ambaye kituo chake siku hizo kilikuwa mbali na kambi kuu. Iliandikwa: "The man of hospital is late. Please inform."

Niliisoma nimesimama, mara moja tu. Niliukumbuka ule mguu, nikaona kila kitu kiko wazi: mtu wetu amefariki, na mimi naombwa niwaarifu jamaa zake. Kambini kulikuwa na simu ya upepo, ningeweza kuuliza ofisi yetu ya Dodoma. Dereva mwenyewe alikuwa bado anakunywa maji pale nje, ningeweza kumwuliza. Sikumwuliza mtu. Mimi ndiye niliyewafundisha maana ya neno lile, sasa nimwulize nani?

Nilichukua gari la kambi, nikaenda kijijini kwa fundi wa nondo. Mama yake mzee alikuwa amekaa mlangoni, mkewe anapepeta uwele. Nikasema, "Shikamoo mama," akaitikia kwa taabu, kwa sababu Kiswahili hakukijua sana. Mkewe alikijua. Nikamwambia yeye.

"Shemeji, tumepata habari kutoka hospitali. Mwenzetu hatunaye tena."

Akaweka ungo chini. "Nani kasema?"

"Imeandikwa," nikajibu, nikagusa mfuko wa shati.

Alinitazama kidogo, kisha akamgeukia mkwewe na kumwambia kwa lugha yao. Sikuelewa hata neno moja, lakini niliuona uso wa yule mama. Aliinuka ghafla, akakimbia kuelekea njia kuu, kama anayemwahi mtu asiondoke. Hakufika mbali. Alijikwaa kwenye kinu kilicholala uani, akaangukia mkono. Tulipomwinua, kiganja kilikuwa kimegeukia kusikotakiwa.

Nikakaa saa nzima nikitoa pole. Wanaume waliokuja kwa kusikia vilio waliniuliza mwili utafika lini. Nikasema kampuni itauleta, sina shaka. Wazee wakaamua kaburi lichimbwe mapema, mwili usije ukakaa juani. Nilipokuwa naondoka niliwaona wawili wakipita na majembe.

Kesho yake alasiri fundi wa nondo alishuka Chemba kwenye basi la kutoka Dodoma, na fimbo mkononi. Daktari alikuwa amemzuia siku chache zaidi ili kidonda kisafishwe, basi. Hayo alinisimulia mwenyewe baadaye. Alisema watu wa kijijini walimkimbia njiani, hata wale aliocheza nao utotoni. Alipofika kwake alikuta wanaume watatu wamesimama shimoni hadi kifuani, wanatupa udongo nje, na mama yake amefungwa mkono kwa kipande cha kanga. Mama hakumkimbia. Alimshika mguu ule wenye kidonda, akaung'ang'ania, naye akavumilia maumivu bila kumwambia auachie.

Jumamosi ukoo ukatuita. Mkuu wa kambi akanituma mimi na msimamizi wa makalavati. Garini msimamizi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia watu walidhani fundi wake amekufa.

"Nani aliwaambia?"

"Barua yako," nikasema.

Alitoa daftari lake mfukoni akawa anafungua kurasa, anarudi nyuma, anafungua tena, mpaka tukafika.

Tulikuta watu wengi wamekaa kwenye magogo uani. Mjomba wa fundi akasimama. Alikuwa mtu mpole, hata sauti hakuipandisha.

"Hatukuja kugombana," akasema. "Tunataka tu kumjua aliyesema mtoto wetu amekufa."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno yangu. Ningesema: ni mimi, nilisoma vibaya, sikuuliza. Lakini uani pale mke wa fundi alikuwa akinitazama, na kila mtu alikuwa akinitazama, mimi msomi niliyekuja na karatasi mfukoni. Mdomo wangu ukasema mengine.

"Ni huyu mgeni. Aliandika mwenyewe. Kiingereza hakijui vizuri, ndugu zangu. Tumsamehe."

Hilo la mwisho ndilo linaloniunguza hadi leo. Nilimwombea msamaha kwa kosa langu.

Watu wote wakamgeukia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia tunasikitika."

Akavua kofia yake ya ukindu. Akaenda mpaka mbele ya yule mama mzee, akainama, kichwa karibu kifike magotini. Akainuka, akainama tena, na mara ya tatu akabaki ameinama hivyo hivyo. Mama mzee akasema jambo kwa lugha yao, na mkwewe akanitafsiria.

"Anasema mwambie akae. Mgeni hakosei kwa kusudi."

Nikamwambia akae. Hayo mengine sikumwambia.

Wiki iliyofuata mkuu wa kambi alimwondoa kwenye makalavati, akampeleka kwenye machimbo ya kokoto, kwa maana huko hakuna barua za kuandika. Nilikuwa ofisini uamuzi huo ulipotolewa. Niliuandika kwa mkono wangu, nikaweka nakala kwenye faili.

Alikuja darasani mara moja tu baada ya hapo, na vumbi la mawe kwenye kope. Alileta kamusi. Akaweka kidole juu ya lile neno, kisha juu ya sentensi yake aliyokuwa ameinakili daftarini.

"Mwalimu, kosa langu liko wapi?"

Wenzake wanne walikuwa wanasikiliza. Katika neno lile kosa halikuwapo. Mwingereza yeyote angelitumia vile vile, na yeyote mwenye akili iliyotulia angesoma kwamba mgonjwa amechelewa kurudi, ofisi ipewe taarifa.

"Hapa Tanzania hatusemi hivyo," nikajibu.

Akashukuru. Akauandika uongo wangu daftarini, kwa mwandiko ule ule safi.

Fundi wa nondo alipona akarudi kazini. Vibarua walimwita Marehemu. Mwanzoni alicheka nao, baadaye akapigana na mmoja wao, na mwisho akaacha kazi. Siku aliyokuja kuchukua cheti chake alisimama mezani kwangu.

"Karani, ile barua ulipoipata, ulimwuliza nani?"

"Sikumwuliza mtu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akakunja cheti, akaenda zake.

Mkataba wa barabara ulipoisha, Wachina walipanda lori kwenda kupanda treni. Yule msimamizi alimpa kila mtu mkono. Kwangu alitoa mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili, "Asante, Mwalimu." Nikamtakia safari njema. Nilikuwa na nafasi ya kusema, lori lilikuwa bado linapakiwa mizigo. Nilimsaidia kupandisha sanduku lake.

Ilipita miaka mingi ndipo nilipokwenda tena kijijini kule. Fundi alikuwa shambani. Nilimkuta mkewe na mama mzee wanachambua maharage, nikakaa kwenye kigoda nikayasema yote, bila kujipamba. Mke akatafsiri sentensi kwa sentensi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo fupi.

"Anauliza," mke akasema, "yule mgeni ulimwambia?"

"Hapana. Alikwisha rudi kwao."

Alipotafsiriwa hilo, mama mzee akainuka, akaingia ndani. Nilingoja sana. Hakutoka.

Mkwewe akanisindikiza hadi barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa. Akasema safari njema. Karibu tena hakusema.