Siku Niliyomwita Mzee Athman Mwizi wa Petroli

Jamani, nichekeni tu, kwa maana aibu niliyojitia pale Mji wa Kale hadi leo nikipita uchochoro ule huteremsha kioo cha helmeti hata kama jua limezama na sioni vizuri.

Pikipiki yangu niliinunua kuukuu, aina ile isiyo na makava, injini na mirija yote nje kama mtu aliyetoka kuoga (majirani wakaibatiza "Uchi", na mimi kwa ushamba wangu wa bara nikawa nacheka nao). Ilikuwa ndiyo kila kitu changu: yanipeleka kazini Mbaraki, yanibebea unga na mkaa kutoka Makadara, na Jumapili nikitoka kanisani yanifikisha ufukweni pale Mama Ngina kula mihogo.

Shida ni petroli. Najaza leo, kesho nikilitikisa tangi nasikia limekauka. Fundi mmoja wa Ganjoni akaniambia, "Dada, ukiegesha funga koki ya petroli, kabureta hii imechoka." Nikamtazama hivi, nikasema moyoni, huyu ataka kuniuzia kabureta. Koki sikufunga. Nikaanza kutafuta mwizi.

Na sikumtafuta mbali. Mimi nilipanga chumba cha juu, na chini wakikaa Mzee Athman na mkewe, Bi Zuhura. Kila asubuhi mzee alinikuta mlangoni, nikamwamkia shikamoo, naye, "Marahaba mwanangu. Leo imeshiba pikipiki yako?" Sasa mtu asiye na pikipiki, shibe ya tangi langu yamhusu nini? Tena mkononi ana kichupa cha kitu cha manjano, na akiniona tu hukitia mfukoni mwa kanzu. Nikawa namnusa anapopita (haki ya Mungu, harufu ya petroli niliisikia!).

Jumamosi moja mzee alikuwa akimwoza binti yake wa mwisho, na nyumba imefurika wageni. Nikajiambia, kwa watu wote hawa leo hakubaki tone. Basi nikaamua kijambo kidogo tu: nikaiingiza pikipiki ndani, ukumbini chini ya ngazi, tangi limejaa, kisha nikapanda juu kujipamba, maana nami nilialikwa.

Nilipoteremka na gauni langu la buluu nikafunua kifuniko cha tangi. Petroli imeshuka! Na nani kasimama kando, kanzu nyeupe, kichupa mkononi? Sikungoja. Watu wa bwana harusi ndio kwanza wanaingia mlangoni, nami nikapaza sauti, "Mzee Athman, kuniibia petroli kwa siri hakukutoshi, sasa waiba hata mbele ya wakwe zako?"

Mama yake bwana harusi akamtazama mzee toka kofia hadi viatu. Mzee akafungua kichupa, akaninyooshea.

"Nusa, mwanangu."

Mafuta ya karafuu, ya kuchua magoti.

"Bi Zuhura hayataki, asema yananuka," akaninong'oneza. "Nilikuwa nakuficha usije ukamwambia."

Papo hapo nikahisi kandambili zangu zimeloa. Nikatazama chini: petroli yachuruzika kutoka kwenye kabureta, imepita katikati ya viatu vya wageni, na kule mbele Bi Zuhura mwenyewe anatoka chumbani na chetezo, makaa mekundu, udi wafuka, aja kuwafukiza wageni.

"Bi Zuhura, simama! Moto!"

"Moto gani tena?" akauliza, huku anazidi kuja.

Mzee Athman, wa magoti mabovu, aliruka. Alikinyakua kile chetezo kwa mkono mtupu, akawapenya wageni hadi nje, akakitupa kwenye mtaro wa maji. Aliporudi alikuwa ameukumbatia mkono wa kulia kifuani.

Nikaikokota pikipiki nje mbele ya mtaa mzima, nikarudi kupiga magoti na gauni langu kusugua sakafu kwa mchanga na sabuni, wanawake wakinipita wameinua mabuibui yao. Ndani kukawa hakukaliki kwa harufu, nikaha ikafungwa barazani kwa jirani. Na kama mjuavyo, baba humshika mkwe mkono anapomwoza. Nilikuwa nimesimama na ndoo yangu nikaona mzee anautoa mkono uliofungwa kitambaa, na yule kijana, kwa huruma, akaushika kwa ncha za vidole tu.

Baadaye nilimwendea. Nikasema tu, "Nisamehe, mzee."

"Kwanza ule," akanijibu, na kwa mkono wa kushoto akanisogezea sahani ya pilau.

Tangu siku ile nimejiapiza: nikipotewa na kitu, hata kiwe kandambili moja, nitamwuliza mtu faraghani, kwa sauti ya chini, na nitamwuliza nikiwa nimekaa.