Nilivyomsaka Mpenzi wa Binti Yangu

Hasira zangu ndizo zilizoniponza. Katika begi la binti yangu Neema, anayesoma sekondari hapa Fridley, ughaibuni, nilikuta karatasi ya Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kazini, lakini neno la mapenzi nililiona mara tatu. Nikaipeleka kwa mwalimu wake wa fasihi ya Uingereza, Neema akiwa mkalimani, amenuna.

"Mwambie baba yako anataka jina la huyo mvulana!"

Mwalimu akaisoma, akatabasamu. Kumbe darasani kwake kila mwanafunzi hutunga shairi la mapenzi la mistari kumi na minne, kwa mtindo wa Waingereza wa kale.

"Sawa, na hili kamtungia nani?"

Neema akatafsiri, macho chini. Mwalimu akaweka kidole juu kabisa ya karatasi, pale ambapo sikupasoma: "Kwa Baba."